Siku Nilipomwona Baba Mkwe kwa Mbali

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni penye mwanga. Sitaki mtu akunje uso kwa ajili ya maneno yangu. Nilisoma darasa la pili tu, tena kwa kuibia siku za kulima, kwa hiyo msitafute humu maneno ya kupambwa. Nitasema kilichotokea, basi.

Aliyenisukuma kuandika ni mjukuu wangu aliyesomea udaktari. Alikuwa amekaa jikoni kwangu anakunywa uji, akaacha kunywa akawa ananiangalia jicho la kushoto.

"Bibi, hiyo mboni imekatika pembeni. Uliugua nini?"

Nikamtajia: sarkoidosisi. Nililitamka kama nilivyofundishwa zamani, polepole, bila kukosea. Kijiko kikamponyoka.

"Bibi! Hilo neno umelijulia wapi? Sisi tumelisoma mwaka wa nne."

"Mimi nililijua mama yako akiwa bado anatambaa," nikamwambia. "Kunywa uji, unapoa."

Hakunywa. Ikabidi nimweleze, na sasa nawaeleza na ninyi.

Nilizaliwa milimani Kilolo, upande wa Iringa. Niliolewa mbali, Mbeya, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mume wangu alifika kwetu na genge la kutengeneza barabara. Jioni walikuja kunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na baba yangu akampenda kwa sababu alikunywa taratibu na alijua kunyamaza. Kwao walikuwa Wanyakyusa waliohamia kwenye miteremko juu ya Mbeya, kwenye baridi, wakalima viazi, njegere na pareto, yale maua meupe ya kutengenezea dawa ya wadudu. Mimi Kihehe, wao Kinyakyusa, tukakutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa kinachechemea pande zote mbili.

Kabla sijafika kwenye ugonjwa lazima mjue desturi ya nyumba ile, maana mambo hayo mawili yalishikana. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mkamwana, yaani mke wa mtoto, hakutani na baba mkwe. Hamwangalii, hamsemeshi, hataji jina lake. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia, anaingia shambani, anachuchumaa na kumpa mgongo mpaka apite. Kwetu Uhehe tuna heshima zetu, lakini si za kukimbia. Mama mkwe alinifundisha siku niliyofika, kabla hata sijaoneshwa mtungi wa maji.

"Hapa kwetu macho ya mkamwana yako chini. Ukimwona mzee, unatoweka."

"Nisipomwona je, mama?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Utamwona tu. Ni mrefu kama mwanzi wa kwenu na anavaa blanketi jekundu. Nani asiyeliona blanketi lile?"

Nikajifunza. Nilikuwa mwepesi wa kutoweka kuliko wakamwana wote wa mlima ule. Blanketi jekundu likichungulia tu kwenye kona ya njia, mimi nimeshaingia kwenye njegere. Na mzee naye alikuwa mtu wa adabu. Akikaribia mahali tulipo wanawake alikohoa kwanza, au alianza kuwasemesha ng'ombe wake kwa sauti, ili tujue anakuja. Sikuwahi kuuona uso wake vizuri. Niliujua mgongo wake, mwendo wake na sauti yake.

Ugonjwa ulianza baada ya kumzaa binti yangu wa kwanza. Kwanza uchovu, nikasema ni kunyonyesha. Halafu vinundu miguuni, kwenye muundi, toka goti kwenda chini, vyekundu na vyenye maumivu ukivigusa, nikasema ni kupiga magoti shambani. Halafu kikohozi kikavu kisichotoa kitu, nikasema ni baridi ya Mbeya. Mwisho macho. Yaliwiva kama pilipili, na maumivu yake hayakuwa ya juu juu kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Yalitoka ndani kabisa, yakapanda kwenye paji la uso. Na mwanga! Mwanga ulinichoma kama kijinga cha moto. Ukungu ukiondoka asubuhi na jua likapiga maua yale meupe, nilijifunika kanga mpaka puani na kuchuma kwa kupapasa.

"Macho ya pareto hayo," akasema mama mkwe. "Wageni wote yanawapata. Msimu ukiisha yatapona."

Ni kweli pareto ina vumbi linalowasha, ukilikausha sana utapiga chafya na kujikuna. Kila mtu mlimani alikuwa na hadithi yake ya macho ya pareto. Wakaniambia nijikamulie maziwa yangu mwenyewe machoni, nikajikamulia. Wakaniambia nilale mbali na moshi, nikalala mbali na moshi. Msimu ukaisha. Ukaanza mwingine. Macho yalikuwa yale yale.

Sasa hapa ndipo desturi ilipoingia. Kwa kuwa nilijifunika na kuangalia chini kila saa, watu wakaanza kunisifu. Kisimani wanawake walisema nikisikia.

"Mwoneni huyu wa Iringa. Hata juani hainui uso!"

"Wangu ananikodolea macho kama bundi. Nimemwambia akajifunze kwa huyu."

Mama mkwe alitembea na sifa hizo kifua mbele. Jumapili baada ya ibada aliwaambia wenzake, "Mnasema Wahehe hawana adabu? Wangu mimi hajawahi kuniangalia usoni tangu mavuno." Naye alikuwa anasema kweli. Sikuwa nimemwangalia usoni kwa sababu nilikuwa siuoni uso wake. Nilikuwa naona umbo, na katikati ya umbo giza.

Nisikilizeni hapo. Macho yangu yalikuwa yanakufa na watu wanapiga makofi. Ningesemaje? Mgeni, msichana, mwenye mtoto mdogo, unasifiwa kwa mara ya kwanza kwenye nyumba ya watu. Ukungu wa Mbeya huondoka jua likipanda. Wangu haukuondoka. Ndani yake vilielea vitu vyeusi, kama viluwiluwi kwenye dimbwi, nikigeuza jicho navyo vinageuka.

Kuchuma pareto kunataka jicho. Ua likiwa changa halina nguvu, likizeeka limeshapoteza dawa. Unaangalia kile kitovu cha manjano katikati, vile vidoti vyake vimefunguka kiasi gani, ndiyo unachuma. Nilianza kuleta kikapu kimechanganyika.

"Umechuma watoto!" mama mkwe alifoka akichambua. "Na hawa wazee! Huoni?"

"Naona, mama."

Nilisema naona. Usiku ule ule nilimpapasa binti yangu usoni, pua, kope, midomo, nikashika kwa vidole kila kitu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Nilitaka nikikosa macho mikono ikumbuke. Hilo ndilo lililokuwa likinitafuna: mtoto ataota meno, atatembea, atakua, na mimi nitabaki na uso wa mtoto mchanga kichwani.

Siku ya balaa ilikuwa mchana, jua kali. Nilikuwa natoka kisimani, mtungi kichwani, kanga usoni, naifuata njia kwa nyayo. Mzee alikuwa anashuka na ng'ombe wake. Wanawake waliokuwa shambani walisema baadaye kwamba alikohoa. Alikohoa mara nyingi. Mimi nilikuwa nakohoa kile kikohozi changu, sikusikia. Nikamgonga ng'ombe kifuani. Nikayumba, nikanyoosha mkono kutafuta pa kushika, nikashika blanketi. Mtungi ukaanguka ukamwagika wote juu ya baba mkwe, kuanzia kichwani.

 Halafu mama mkwe akapiga yowe utadhani nyumba inaungua.

"Amemshika! Amemshika mzee! Amemwagia maji!"

Wanawake wakatupa vikapu. Mmoja wao, mwenye ulimi mrefu, akaita kwa ule utani wa makabila yetu, "Hee, ninyi wala mbwa wa Iringa, mmekosa mbwa sasa mnashika wazee?"

"Na wewe mla ndizi, ziba mdomo," nikamjibu. Msidhani nilikuwa nalia tu; kulia nililia, lakini nikamjibu.

Nilichuchumaa palepale njiani, uso magotini. Nilijua kinachofuata. Kuku wa kuomba radhi kwa uchache, na kwa watu wengine mwanamke alirudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilisubiri mzee akasirike. Nikasikia maji yanadondoka kutoka kwenye blanketi. Kisha nikasikia anageuka, ananipa mgongo, anaanza kuzungumza na ng'ombe wake, yule mwenye paji jeupe aliyempenda kuliko wote.

"Wewe ng'ombe," akasema, "umemwona mtu huyu? Alikuja mpaka kifuani kwako. Mtu mwenye macho hamgongi ng'ombe. Nzi tu ndiye anayegonga ng'ombe, naye anakusudia."

Ng'ombe akapumua.

"Naam. Na mimi nimekohoa mpaka koo limeniuma. Miaka yote huyu alikuwa ananikimbia nikiwa bado ng'ambo ya bonde. Nilikuwa najisikia mfalme. Leo ameshindwa kuniona nikiwa hapa. Sasa wewe ng'ombe, wasikie hao wanaopiga kelele: huyu hana dharau. Huyu haoni. Wanasifu heshima, kumbe wanasifu upofu. Aitwe mume wake. Apelekwe kwa wenye kujua macho. Hilo la kuku tutaliongea akirudi anaona."

Akaenda zake, ameloa. Hakunitazama, hakunisemesha, hakuvunja desturi hata nukta moja. Lakini kila mtu alisikia.

Mama mkwe alikuja akanifunua kanga, akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye jua. Nikapiga kelele kwa maumivu. Akaniachia. Akakaa chini kando yangu kwenye matope.

"Mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Unaniona?"

"Sikuoni, mama."

Mume wangu aliitwa kutoka Chunya alikokuwa na genge lake. Tuliambiwa kuna hospitali upande wa Iringa ambako daktari wa macho alikuwa anakuja, na kule ndugu zangu wa Kilolo wangeweza kunipikia, maana zamani mgonjwa alipikiwa na watu wake. Tukapanda basi, vumbi tupu, mimi nimefunikwa kama mkungu wa kuivishwa na mtoto kifuani. Jina la hospitali siliandiki. Waliokuwepo wengi wamekufa, na wema wao naujua mimi.

Huko kulikuwa na daktari mzungu mzee, mwenye mikono baridi, na muuguzi wa Kibena aliyemtafsiria. Huyu muuguzi ndiye nitakayemzungumzia, maana ndiye aliyenitibu kwa maneno. Alikuwa mkali. Mimi pia ni mkali, kwa hiyo tulielewana baada ya kugombana.

Walinisikiliza kifua, wakanipiga picha. Picha ikaonesha tezi zimevimba kifuani pande zote mbili. Wakaniambia huenda ni kifua kikuu. Nikalazwa kwenye chumba cha wanaokohoa, mtoto akachukuliwa na mama yangu kwenda Kilolo. Hapo nilijua kulia ni nini. Lakini muuguzi aliniambia, "Nimesema huenda. Hatujamaliza. Lete mkono."

Wakanichoma sindano ndogo juu ya ngozi ya mkono, wakazungushia alama ya wino. Akasema mkono wa mtu mwenye kifua kikuu huvimba pale na kuwa mwekundu. Hata watu wengi wazima, wasiougua, huvimba kidogo kwa sababu wamewahi kukutana na huo ugonjwa. Nilikesha nikiupapasa ule mkono. Haukuvimba. Siku ya kuusoma ulikuwa laini kama tumbo la mtoto.

"Basi sina kitu," nikasema.

"Una kitu," akajibu. "Ila si kile tulichodhani. Mkono usiojibu kabisa nao ni jibu."

Wakakuta na nundu shingoni, wakaikata kipande kidogo, wakakipeleka mbali kuangaliwa. Kiliporudi, daktari alikaa kwenye kitanda changu na kusema neno lile refu. Nikamwambia alirudie. Akalirudia. Nikalitamka, akanisahihisha, nikalitamka tena mpaka likakaa. Muuguzi akauliza kwa nini nahangaika nalo.

"Limekula macho yangu," nikamwambia. "Nataka kujua jina lake nikilitukana."

Akacheka, ndipo akanieleza. Na maelezo yake mjukuu wangu daktari ameyasikia, akasema hata leo angemweleza mgonjwa hivyo hivyo.

"Kwenu Kilolo mnalinda nguruwe wa porini kwenye mahindi?" akaniuliza.

"Tunalinda. Tunapiga madebe."

"Sasa chukulia walinzi wamesikia mchakacho. Nguruwe hayupo, au alikuja akaondoka zamani. Wao wamekurupuka, wamejazana shambani na mikuki, wanazunguka, wanakanyaga mahindi. Nani anaharibu shamba?"

"Walinzi."

"Ndiyo ugonjwa wako. Mwili una walinzi wake wa kupigana na magonjwa. Wako wamekurupuka, hakuna anayejua kwa nini. Wamejikusanya vikundi vikundi, na kila kikundi ni kinundu. Wapo kifuani, wapo miguuni, wapo ndani ya macho, na huko machoni wanakanyaga. Ndiyo maana mkono haukuvimba. Tulibisha hodi pale mkononi, lakini walinzi wote wamekwenda kujazana kwingine."

Nililiona lile shamba. Sikuona hata ukuta wa chumba, lakini shamba nililiona, mahindi yamelala chini na baba zangu wadogo wanapiga madebe bila nguruwe.

"Wafukuzeni," nikasema.

"Hatuwafukuzi. Utawahitaji. Tutawalaza."

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza matone ya kuifungua mboni ibaki wazi, kwa sababu ule uvimbe ulikuwa umeanza kuligandisha pazia la jicho kwenye kioo chake cha ndani, kama ukoko wa ugali unavyoshika chungu. Likishaganda kote, jicho limekwisha. Matone yale yalinifanya nione vibaya zaidi, na mwanga ukaniumiza mara mbili. Nikagoma. Nikaziba macho kwa viganja.

"Mnanipofusha!"

"Mama, fumba mdomo, fumbua jicho," muuguzi akasema. "Ukigoma leo, kesho hatutakuwa na cha kubishania."

Nikafumbua. Akatia tone, akanipangusa shavu kwa kona ya aproni yake.

Ya pili ilikuwa dawa mpya, ilitoka ng'ambo, daktari aliiweka chini ya kufuli. Hiyo ndiyo ya kuwalaza walinzi. Nilitiwa machoni na nikapewa na vidonge vyake. Alinionya mambo mawili: nisiiache ghafla hata nikijiona nimepona, ipunguzwe taratibu, maana walinzi wakiamshwa kwa fujo wanarudi na mikuki, na nisikae karibu na mtu anayekohoa wala nisidharau kidonda, kwa kuwa walinzi wakiwa wamelala mwizi wa kweli anaweza kuingia. Wakanihamisha kutoka chumba cha wanaokohoa siku ile ile.

Mama yangu alikuja na mtoto, akaniletea na milulu, yale majani tunayofumia vikapu kwetu, mengine meupe na mengine yametiwa rangi nyeusi. Alikuwa ameanza kikapu akaniachia nimalizie. "Mikono yako haiumwi," akasema. Sisi hatuna mambo ya kubembelezana.

Nikafuma kwa kupapasa. Meupe niliyaweka mkono wa kulia, meusi wa kushoto, nikahesabu kwa vidole. Nilifuma siku baada ya siku, nyuma ya hospitali, chini ya paa penye kivuli. Maumivu yakaanza kupungua. Vinundu vya miguuni vikasinyaa vikaacha alama za zambarau. Kikohozi kikaisha bila kuaga. Lakini ukungu ulikuwepo.

Asubuhi moja nilichukua kikapu, nikakiinua nianze kazi, nikakasirika. Ile mistari myeusi ilikuwa imepinda! Ilianza vizuri pale mama alipofuma, halafu ikapanda, ikashuka, ikapotea, ikarudi imevunjika. Kazi ya aibu. Msichana wa Kihehe akipeleka kikapu kama hicho kwa watu anachekwa mpaka uzeeni. Nikawa nafoka peke yangu, "Kikapu gani hiki? Nani amefuma uchafu huu?" Muuguzi alikuwa anapita na beseni. Akasimama.

"Umejuaje kama kimepinda?"

Nikakitazama tena kikapu. 

Beseni alilitua chini. Akaja akaninyooshea kidole. "Hiki nini?" Kidole. "Na hapa kwenye kola?" Kifungo, kimefungwa kwa uzi usiofanana. "Huo uzi rangi gani?" "Bluu, na umeshona vibaya." Alinikumbatia kwa nguvu mpaka kile kikapu kikabonyea. Akamwita daktari kwa kelele isiyofaa hospitalini, na yule mzee akaja anakimbia na taa yake, akanimulika, akacheka peke yake kwa lugha yao.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilinasuka nusu; mboni yake imebaki imekatika, na nikiiangalia dunia kwa hilo peke yake ni kama naangalia kupitia moshi. Sijalalamika. Binti yangu aliletwa siku ile, akiwa ameota meno ya juu. Nilimwangalia mpaka akaona haya akajificha kwa bibi yake. Alikuwa na kidoti cheusi chini ya sikio ambacho vidole vyangu havikuwahi kukijua.

Kikapu kile kilichopinda ninacho. Sikukifumua.

Turudi Mbeya. Dawa ile ilinipa njaa ya fisi na kunivimbisha uso, nikawa mviringo kama mwezi mpevu. Nilishuka kwenye basi, mume wangu akanipita akinitafuta. Tukapanda mlima kwa miguu, mtoto mgongoni. Ilikuwa wakati wa pareto. Maua yalikuwa yamewaka mteremko mzima, na mimi nimefunua uso, jua limenipiga, siumii. Nilitaka kila mtu ashuke aone.

Tulipofika ukingo wa bonde, nikatupa macho ng'ambo. Mbali kabisa, pale njia inapotokea kwenye mianzi, nikaona kitu chekundu. Kidogo kama punje ya mtama. Kinatembea.

Nikamshika mume wangu mkono. "Mzee."

"Wapi?"

"Kule kwenye mianzi. Anashuka."

Akakaza macho yake mazima. "Mimi simwoni."

Sikumsubiri. Nilimtupia mzigo, nikaacha njia, nikaingia kwenye pareto na mtoto mgongoni, nikakimbia, nikachuchumaa katikati ya maua na kumpa mgongo mtu aliyekuwa bado ng'ambo ya bonde, ambaye angehitaji muda wa kupika viazi ndipo afike. Sijawahi kumkimbia mtu kwa furaha namna ile. Nilikuwa nacheka mpaka machozi, na mtoto naye anacheka bila kujua kwa nini.

Halafu tukasikia sauti inavuka bonde. Mzee alikuwa ameona mtu anakimbilia kwenye maua. Safari hii hakumtafuta ng'ombe wa kusemesha. Alilisemesha bonde lote.

"Ameniona! Watu wa hapa, tokeni! Mkamwana wangu ameniona! Amenikimbia toka kule! Ndaga fijo, asante sana Mungu, ndaga fijo!"

Wanawake wakatoka mashambani. Mama mkwe alikuja anateremka kwa vigelegele, kanga imedondoka, hajali. Akanikuta nimechuchumaa. Akanishika mashavu yale ya mwezi.

"He! Hospitali inalisha namna hii? Nami nitaugua!" Kisha sauti ikabadilika. "Niangalie."

Nikamwangalia usoni. Alikuwa na makovu mawili madogo karibu na jicho, na macho ya kahawia yenye maji. Mwanamke mzuri. Nimeishi naye miaka na sikuwa najua.

Yule mwenye ulimi mrefu alikuwepo pia. "Karibu, mla mbwa," akasema, anajifuta pua.

"Asante, mla ndizi. Umekonda."

Jioni niliangalia zizi. Nilimtafuta yule ng'ombe mwenye paji jeupe kati ya wenzake wote. Hakuwepo. Hakuna aliyeniambia kwamba ameuzwa, wala nauli na dawa zangu vililipwa kwa fedha gani. Niliona mwenyewe. Asubuhi nilipeleka kuku mlangoni kwa mzee, nikamweka na kuondoka. Nikamsikia nyuma yangu anamwambia kuku, "Wewe umechelewa. Deni lako lililipwa na yale maji yaliyotufumbua macho." Kuku akarudishwa, akaja kututagia mayai.

Yule mzee nilimheshimu mpaka tulipomzika, na nilimkimbia mpaka mwisho, maana yeye alinipenda kwa njia hiyo na mimi nilimjibu kwa njia hiyo. Lakini binti yangu alipopata wadogo zake wa kiume, na hao wakakua wakaoa, na mkamwana wa kwanza akaingia kwangu kichwa chini na kitambaa usoni, watu wakaanza, "Ona heshima!" Nikakumbuka zile sifa za kisimani. Nikamwita yeye, mume wangu, watoto, wote, nikawasimamisha nje kwenye jua, nikawaambia:

"Kuanzia leo hakuna anayeinamisha macho kwenye nyumba hii, si kwangu, si kwa huyu mume wangu. Kila asubuhi mtatoka hapa kwenye mwanga, mtaniamkia mkiniangalia usoni, na mimi nitawaangalia. Jicho likilala jekundu likaamka jekundu, sitaki kusikia pareto, sitaki kusikia moshi, sitaki kusikia heshima. Funga mzigo, twende hospitali. Haya, wewe mkamwana, vua hicho kitambaa. Inua uso."